Sarafu za Kanada Katika Majoho ya Kwaya

Upepo wa Agosti wa Johannesburg hauna adabu. Wenyeji wameuzoea, wanafunga madirisha, wanalalamikia vumbi, basi. Sisi tuliotoka upande wa ziwa hatukujua kwamba upepo mkavu unaweza kumvua mtu heshima yake katikati ya barabara. Mwaka 2009 kwaya ya akina mama wa kanisa moja la Wakongomani, waliokuwa wakisali kwenye ghala la zamani pale Bertrams, ilitembea kwa miguu ikiimba hadi Troyeville kwenda kubariki nyumba ya mzee wa kanisa. Majoho yalikuwa mapya. Niliyashona mimi, ishirini na mawili, rangi ya zambarau, kitambaa chepesi kwa sababu ndicho walichomudu. Walipofika kwenye robot ya kona, zile taa za kuongozea magari, upepo ukaja kutoka chini ukayanyanyua yote ishirini na mawili kwa pamoja. Magari yalipiga honi. Teksi moja ilikaa pale na taa imeshawaka kijani, dereva anatazama.

Jumatatu wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mimi si muumini wa kanisa lile wala si Mkongomani. Ni mwanamke wa Kigoma niliyekuja huku na cherehani yangu, lakini niliitwa kama mshitakiwa. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini nilishona nguo zisizojua kukaa chini. Nikamwambia nguo haijui lolote, kitambaa walichagua wenyewe, na kama wanataka itulie basi waweke uzito kwenye pindo. Niliyasema hayo kwa hasira. Wao wakayaandika kama azimio la kikao.

Kiongozi wa kwaya alikuwa mama mtu mzima wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu lilelile. Nilimwita Mama tu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Kesho yake alikuja chumbani kwangu na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya meza ya kukatia. Zilikuwa sarafu. Baba yake alikuwa mpishi wa mapadri waliotoka Kanada. Kila Noeli, kila Pasaka, na kila mgeni alipoisifu supu, walimpa sarafu mbili tatu za kwao, naye akaziweka. Alipokufa kopo likamwangukia Mama, na Mama akavuka nalo mipaka minne akilifunika kwa unga wa muhogo. Hapa Johannesburg alikwenda benki tatu. Zote zilimjibu kwamba noti za nje wanabadilisha, sarafu hapana.

"Basi ni chuma," akaniambia. "Hizi franga za baba hazinunui hata mkate. Zishone kwenye mapindo, angalau zipate kazi."

Nilizihesabu. Themanini na nne zilikuwa ndogo, nyingi zenye kichwa cha mnyama mwenye pembe za matawimatawi. Nne zilikuwa kubwa na nzito. Hesabu ilikaa sawa: majoho ishirini na mawili, kila joho sarafu nne. Mama akasema zile kubwa niziweke kwenye joho la binti yake, kwa sababu ndiye aliyesimama mbele na ndiye aliyekuwa akizunguka sana. Alikuwa msusi, mrefu, mtoto wake wa pekee aliyebaki, na akianza kuimba hata mimi, niliyepanga chumba ubavuni mwa ghala lao na kuisikia kwaya kupitia ukutani bila kuipenda, nilikuwa nasimamisha mguu kwenye cherehani.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Zile sarafu kubwa zilikuwa na mtumbwi. Watu wawili ndani ya mtumbwi, makasia majini, nyuma yao kisiwa kidogo chenye miti. Sijui ni ziwa gani la Kanada, na sikujali. Nilikuwa na miaka sita sijaiona Kigoma, na watu wale wawili walikaa kwenye mtumbwi kama wanavyokaa watu wa kwetu, wameinama kidogo, hawazungumzi. Niliziangalia siku nzima. Jioni nikaenda duka la vyuma nikanunua washa nne kubwa, zile pete za chuma za kuwekea bolti, nikazishona kwenye joho la binti badala ya sarafu. Nilipima kwa kiganja, uzito ukawa uleule. Sarafu nikaziweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi. Nilijiambia ni chuma kwa chuma, na mtu hadhulumiwi chuma kwa chuma. Niliridhika na maelezo hayo kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinihoji.

Majoho yakatulia. Mzee wa kikao akanipongeza kanisani mbele ya watu kwa azimio lake.

Binti alikufa mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wageni wa mashindano ya mpira ya dunia wakiwa ndio kwanza wameondoka na uwanja wa Ellis Park umeanza kunyamaza. Homa ya mapafu, siku tisa. Sitaandika mengi hapo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na wiki mbili kabla alikuwa amenisuka bure kwa sababu alisema kichwa changu kinamtia aibu anaponisalimia mbele ya watu. Nilimpenda, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu mtu anayekutukana nywele humwambii mambo kama hayo.

Desturi ya kanisa lile ni kwamba mwanakwaya anazikwa na joho lake. Mama alilifua mwenyewe, akalipiga pasi mwenyewe, akamvalisha mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aingie mle chumbani. Mimi nilisimama nje ya mlango na sindano yenye uzi, ikiwa pindo lingehitaji kushikizwa. Alipotoka aliniambia halikuhitaji kitu.

Kaburi lilipata kibati chenye namba, kama makaburi yote ya wasio na uwezo. Mvua za kwanza zikafuta rangi ya namba. Mama alikwenda kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, akihesabu safu na kuhesabu vichuguu vya udongo, na mara mbili alikuja kugundua kwamba alikuwa amelia na kuacha maua kwenye kaburi la mtu asiyemjua. Mara ya pili alinisimulia huku akijaribu kucheka, halafu akashindwa. Alisema anaogopa kitu kimoja tu. Macho yake yanachoka, na siku yatakapokwisha hakutakuwa na mtu duniani anayejua mtoto wake amelala wapi. Alitaka jiwe lenye jina. Alikuwa ameulizia kwa fundi wa mawe, na jiwe dogo kuliko yote, pamoja na maandishi, lilikuwa randi elfu mbili mia tatu na hamsini. Kwa Mama, aliyeuza vitenge kwa vipande, ilikuwa sawa na kuambiwa anunue uwanja wa mpira.

Mwanzoni mwa 2011 akaingia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume wangu alikuwa kwenye malori ya Lusaka na nyumbani alionekana kwa nadra, lakini shemeji alionekana kila siku saa ya chakula. Alikuwa mlinzi wa jengo moja Marshalltown, na ghorofa ya pili ya jengo hilo kulikuwa na mzee aliyenunua dhahabu na fedha kuukuu ili ziyeyushwe. Shemeji alisema watu wanapanga foleni hadi kwenye ngazi, wengine na vijiko, wengine na birika la bibi yao, kwa sababu bei ya madini ya fedha imepanda sana. Akaweka kijiko chini.

"Shem, zile sarafu za Mama za kwenye majoho, ni za mwaka gani?"

Miaka ya nne kati yake niliijua bila kufumua kitu. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Mama alikuja Jumamosi. Miaka ya sarafu aliijua kwa kichwa, kwa sababu utotoni ndizo zilizokuwa midoli yake. Hakuwa na mwanasesere, alikuwa na kopo, na alizipanga na kuzipangua mpaka vidole vyake vikajua ipi ni ipi bila taa. Shemeji alifungua daftari. Alikuwa amesoma mambo haya kwenye kompyuta ya mapokezi wakati bosi wake hayupo, na alizungumza kama mtu aliyeajiriwa na serikali ya Kanada. Sarafu zao za zamani, alisema, mpaka 1966, katika kila sehemu mia sehemu themanini ni fedha na ishirini ni shaba. Za 1967 ni kizungumkuti: nyingine themanini, nyingine hamsini. Mwaka 1968 wakaanza kuingiza nikeli, na nikeli inanaswa na sumaku, fedha hainaswi. Alikuwa amekuja na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, akaiweka mezani ingawa hapakuwa na sarafu ya kuipima.

Mama alisema kumi na tisa ni za miaka ya baadaye, zile nyeupe zinazong'aa kijinga. Zikabaki sitini na tano, sita kati yake za 1967. Shemeji akazihesabu hizo sita kama themanini kwa mia kwa sababu ana moyo mzuri. Sarafu ndogo moja ina gramu tano na pointi themanini na tatu. Akazidisha kwa sitini na tano, akatoa ile sehemu ya shaba, akagawa kwa aunsi, akazidisha kwa bei ya dola, akazidisha kwa randi. Alifuta mara nne. Mwisho akapiga mstari mara mbili: elfu tatu mia mbili na hamsini.

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nikauliza aunsi yake ina gramu ngapi, akasema ishirini na nane, simu ndivyo ilivyomwambia. Jumatatu mzee wa ghorofa ya pili alimweleza, kwa huruma, kwamba aunsi ya ishirini na nane ni ya kupimia siagi, na ya madini ina gramu thelathini na moja. Jumla ikashuka chini ya elfu tatu. Bado jiwe lilitosha na chenji ikabaki.

Lakini nimeruka jambo. Siku ileile ya Jumamosi, kabla daftari halijafungwa, shemeji aliuliza habari za zile kubwa. Moja tu ina gramu ishirini na tatu na ushei, alisema, zote nne zinapita randi mia saba. Ziko joho gani?

"Ziko na mtoto," Mama akasema.

Shemeji akainamisha kichwa, akaomba radhi. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi. "Ziko na mtoto, sivyo, fundi?"

Droo ilikuwa chini ya goti langu. Ningeweza kuifungua bila kuinuka. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Bon," akasema. "Basi amelala na franga za babu yake. Hilo linanituliza." Akachukua mtandio wake akaondoka.

Usiku ule sikula, na mimi si mtu wa kuacha chakula. Kama ningezitoa, nilijiambia, ningemnyang'anya mama aliyefiwa kitu pekee kinachomtuliza. Tazama nilivyokuwa mwema. Niliufikiria wema wangu kwa wiki kadhaa, na kila nilipofungua droo kutafuta bobini niliwakuta wale watu wawili kwenye mtumbwi wao, hawazungumzi.

Majoho mengine yalikuwa ishirini na moja, na akina mama walikataa yasifumuliwe kabla ya Pasaka. Pasaka kwaya inatoka. Niliwaambia mwezi wa nne hauna upepo. Mmoja akanijibu kwamba upepo hausomi kalenda, na dereva wa teksi alishamtazama yeye mara moja, inatosha. Shemeji alinipigia kila asubuhi kutoka kazini kunitajia bei. Ilipanda mpaka Ijumaa Kuu, jengo likafungwa kwa sikukuu, wanakwaya wakaimba, mapindo yakakaa chini kwa heshima zote. Baada ya Pasaka walianza kuniletea majoho, leo mawili, kesho moja, nami nikakaa na wembe nikifumua na kuweka washa mahali pa sarafu. Bei ikaanza kuanguka. "Eish, shem, imeshuka tena," kila siku, mpaka nikamwomba awe anapiga kwa habari za misiba tu.

Tulikwenda watatu Marshalltown. Mzee wa ghorofa ya pili hakutazama watu, alitazama mizani. Alipitisha sumaku yake, akatenga zile kumi na tisa nyeupe akamrudishia Mama. Za 1967 alizihesabu kwa hamsini, kwa kuwa yeye hakuwa na moyo mzuri. Akakata fungu lake. Ikabaki elfu moja mia tisa na nne. Mama alizihesabu noti, akazifunga kwenye kitambaa, akamshukuru. Kwenye ngazi alisema zimepungua mia nne arobaini na sita, na kwamba si neno, mwaka ujao Mungu akipenda. Alishuka taratibu akishika ukuta, kwa sababu ngazi hakuziona vizuri.

Alhamisi nilirudi peke yangu. Nilizitoa zile nne kwenye leso nikaziweka juu ya kaunta. Mzee alizigeuza, akaona mtumbwi, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Aliniuliza kama nina uhakika, maana wapo watu wanaozipenda zikiwa nzima na wanaweza kutoa zaidi, ila yeye ananunua kwa uzito tu. Nikamwambia apime. Mia nne themanini na tano. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa mawe, nikalipa zile mia nne arobaini na sita zilizopungua, nikamwomba amwambie Mama kwamba amempunguzia bei. Alisema kudanganya si kazi yake, lakini kunyamaza anaweza. Randi thelathini na tisa zilizobaki nilizitia kwenye sadaka ya kanisa ambalo si langu. Nilitembea nyumbani nimenyooka. Nilijiona nimemaliza jambo.

Mama hakuuliza kitu fundi wa mawe alipomwambia jiwe liko tayari. Alisema tu anataka liwekwe Agosti, kwaya nzima ikiwepo, na kwamba zege lisimwagwe mpaka yeye aseme.

Siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi. Majoho ishirini na moja yalisimama kuzunguka kaburi, hakuna hata moja lililonyanyuka. Vijana wa fundi wa mawe walikuwa wamechimba kijishimo cha msingi kwenye kichwa cha kaburi, na jiwe limelazwa pembeni, jina la binti likiwa limechongwa vizuri. Mama aliniita kando. Alinyoosha kiganja mbele yangu, akangoja.

Sikuelewa. Nikamuuliza anataka nini.

"Lete," akasema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa. "Nilimvalisha mwenyewe, fundi. Pindo lile nililipiga pasi kwa mikono yangu. Franga za baba nazijua tangu nina meno ya utoto. Hazina tundu katikati."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ulikuwa umekaa kwenye cherehani yako, nikakuuliza." Kiganja bado kilikuwa wazi. "Nikasema moyoni, huyu hana neno, ana haya, siku ya jiwe atakuja nazo. Ndiyo maana nimezuia zege. Tuziweke hapa, zikae naye."

Nilimwambia. Nilimwambia yote pale pale, droo, mtumbwi, mzee wa mizani, mia nne themanini na tano, ile bei iliyopunguzwa ambayo haikupunguzwa. Nilisema nilidhani namsaidia. Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama huyo mzee huwa anayeyusha siku hiyohiyo au anangoja. Nikasema imepita miezi.

Alifumba kiganja. Alifungua pochi akatoa kifuko kidogo cha kitambaa cha zambarau, kipande cha majoho yale, kilichoshonwa kwa mkono na mtu asiyeona vizuri, mishono mikubwa imekwenda upande. Kilikuwa na nafasi ya sarafu nne. Akaniwekea mkononi, akarudi kwenye kwaya, akawapungia vijana wamwage zege.

Kiko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Sijawahi kuweka kitu ndani yake.